Pedali ya lupu

Pedali ya lupu ni kifaa cha kielektroniki kinachowekwa sakafuni na kuendeshwa kwa mguu. Hurekodi kipande kifupi cha muziki wakati kinapopigwa, kisha hukirudia bila kukoma huku mwanamuziki akiongeza vipande vingine juu yake. Kwa njia hiyo mpiga gitaa mmoja anaweza kutoa jukwaani sauti ya magitaa matatu au manne. Kifaa hiki kinaafikiana vizuri na muziki wa mwambao wa Ziwa Viktoria, kutoka Mwanza hadi Shirati na Kisumu, kwa sababu muziki huo tayari umejengwa kwa misemo mifupi ya gitaa inayorudiwa na kufumwa pamoja.

Namna inavyofanya kazi

Gitaa huunganishwa kwa waya kwenye pedali, na pedali kwenye amplifaya. Mpigaji akikanyaga mara ya kwanza, kurekodi kunaanza. Akikanyaga mara ya pili, urefu wa mzunguko unafungwa na kipande kinaanza kujirudia. Matabaka yanayoongezwa baadaye hufuata urefu huo.

Kukanyaga kwa pili ndiko kugumu. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, mzunguko wa mapigo manne huchukua sekunde 2 kamili. Mguu ukichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mzunguko unakuwa wa sekunde 2.1, na kila unaporudi unachechemea mahali pale pale. Hakuna tabaka la juu linaloweza kuuponya. Dawa yake ni kukanyaga sawasawa na pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, bila kusubiri wala kuwahi.

Pedali ndogo huchanganya matabaka yote kuwa kitu kimoja. Tabaka la mwisho huweza kufutwa, lakini besi iliyowekwa mwanzoni haiwezi kutolewa peke yake. Aina kubwa zina njia mbili, tatu au zaidi, na kila njia huzimwa na kuwashwa kivyake.

Historia

Kabla ya vifaa vya kidijitali, marudio ya aina hii yalifanywa kwa utepe wa sumaku uliopitishwa katika mashine mbili za kurekodia. Robert Fripp na Brian Eno wa Uingereza waliutumia mtindo huo katika albamu yao ya 1973. Vifaa vya kidijitali vilienea katika miaka ya 1990, na mwaka 2001 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa RC-20. KT Tunstall kutoka Uskoti aliitambulisha lupu kwa watazamaji wengi wa televisheni mwaka 2004, na baadaye Ed Sheeran akaipeleka viwanjani.

Magitaa ya Kanda ya Ziwa

Benga ilikua miongoni mwa Wajaluo, ambao makazi yao yapo pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Daniel Owino Misiani (1940–2006), kiongozi wa Shirati Jazz na mmoja wa waliouvumisha zaidi mtindo huo, alizaliwa karibu na Shirati katika Mkoa wa Mara, ingawa kazi yake kubwa ya muziki aliifanyia Kenya. Katika benga gitaa la solo humjibu mwimbaji, gitaa la pili hujaza mianya kwa msemo wake lenyewe, na besi hutembea chini yao kwa sauti ya kusikika wazi. Maneno yakiisha, magitaa huuchukua wimbo.

Ufumaji huo unasikika pia katika nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji wake huchapa nyuzi kwa mikono miwili, huimba, na papo hapo hugonga ubao wa ala kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Mguu kufanya kazi ya mwanamuziki wa pili si jambo geni ziwani.

Anayetaka kupiga benga peke yake kwa lupu huanza kwa kuchapa nyuzi zilizozibwa kwa kiganja, zilie kama ngoma. Kisha huweka besi, mara nyingi kwa msaada wa pedali ya oktava inayoshusha sauti ya gitaa, halafu gitaa la pili. Solo huachwa nje ya lupu na kupigwa moja kwa moja. Kila msemo uachiwe nafasi: matabaka yakijaa kwenye nyuzi zile zile, mfumo hugeuka kelele.

Mipaka yake

Katika dansi la Tanzania, wimbo hufika kwenye chemko, sehemu ya kasi ambamo wachezaji hujimwaga. Bendi huingia humo kwa kutazamana, na hurefusha au kukatiza kulingana na ukumbi. Pedali haitazami mtu. Mpiga ngoma akishirikiana nayo lazima aisikie vizuri kwenye spika yake, kwani yeye ndiye atakayeifuata.

Lipo pia suala la riziki. Kwa mwenye ukumbi, mtu mmoja mwenye lupu ni nafuu kuliko bendi nzima, na nafasi ya kwanza kupotea ni ya rithimu, ambayo kwa kijana anayejifunza ndiyo njia ya kawaida ya kuingia bendi. Kwa upande mwingine, pedali hiyo hiyo humpa mwanafunzi asiye na bendi mwenzi wa kufanya naye mazoezi ya solo nyumbani usiku kucha.

Pedali nyingi hutumia umeme wa volti 9. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, tabaka ambalo halijahifadhiwa hupotea, na mpigaji hulazimika kuanza tena na besi.