Ligi mbili za rali zilipoungana, Safari ilibaki nje

Leo tunaweka habari za usalama kando kidogo, turudi katika historia ya mbio za magari. Wengi hapa Mongbwalu, na ndugu zetu walioko kambini Bunia, wanaijua Safari Rally ya Kenya. Wachache wanajua kwamba kwa karibu miaka ishirini ilikosa nafasi katika ubingwa wa dunia. Katikati ya miaka hiyo ilijaribu bahati yake katika ligi nyingine, na ligi hiyo ikaja kuungana na mpinzani wake huku Afrika haimo.

Safari ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za udongo ambazo hazikufungwa. Dereva alikutana na lori, ng'ombe na matope kama msafiri mwingine yeyote. Aliyetoka Bunia mpaka hapa kwetu wakati wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi.

Ubingwa wa dunia wa rali ulipoanzishwa mwaka 1973, Safari iliwekwa ndani tangu mwanzo. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja kabla, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia nchini humo, na Mehta akahamia Kenya. Alimaliza sawa kwa pointi na Msweden Harry Källström, kanuni ya kuvunja sare ikampa yeye ushindi. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ndugu waliokimbia vijiji vyao walishike jina hilo: Mehta alianza kushinda akiwa mtu aliyepoteza kwao.

Mwaka 2002 Colin McRae alishinda na Ford, kisha Safari ikatolewa kwenye kalenda ya dunia. Ilikuwa ghali mno. Timu zilitengeneza magari maalumu kwa ajili yake peke yake, zikakodi helikopta za kuruka mbele ya dereva ili kumwonya juu ya wanyama na magari ya raia. Televisheni nazo zilitaka njia fupi, zinazoweza kuzungukwa na kamera. Waandaaji wa Nairobi hawakuwa na fedha za kutosha. Safari ikabaki kwenye ubingwa wa Afrika, pamoja na Pearl of Africa ya Uganda na Mountain Gorilla ya Rwanda. Ni mashindano mazuri, lakini watengenezaji wakubwa wa magari hawakuyafuata.

Ndipo ligi ya pili ikazaliwa. Ilianza mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaitwa Intercontinental Rally Challenge, jina lenye maana ya mashindano ya mabara. Ilitegemea kamera za Eurosport, na magari yake yalikuwa ya bei nafuu kuliko yale ya ubingwa wa dunia. Kenya ikaona mlango umefunguka. Safari iliingia humo mwaka 2007, akashinda Conrad Rautenbach wa Zimbabwe. Ikaingia tena mwaka 2009, akashinda Mkenya Carl Tundo. Baada ya hapo haikurudi.

Mpinzani wa ligi hiyo alikuwa ubingwa wa Ulaya, ambao nao ulianza mwaka 1953, umri mmoja na Safari. Huo ulikuwa na baraka za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, lakini watazamaji walikuwa wameusahau. Ukitazama vizuri, ugomvi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Rali ya Ypres kule Ubelgiji na ile ya Zlín kule Cheki zilihesabiwa na pande zote mbili. Barabara ni ile ile, siku ni ile ile, lakini pointi zinaandikwa katika madaftari mawili!

Mwaka 2013 madaftari yakawa moja. Eurosport ilipewa kuendesha ubingwa wa Ulaya, na ile ligi ya mabara ikafungwa. Tusidanganyane, hawakupendana ghafla. Mmoja alikuwa na kamera bila cheo: bingwa wake hakuwa bingwa wa bara lolote. Mwingine alikuwa na cheo cha miaka sitini bila kamera. Na fedha za viwanda vya magari hazikutosha kulisha nyumba mbili. Mimi naongeza sababu moja ambayo haikutajwa sana, nayo ni ramani. Kuvusha magari kutoka Ubelgiji kwenda Cheki ni kazi ya malori, kuyaleta Mombasa kunahitaji meli. Katika muungano neno lililofutwa ni "mabara", na lililobaki ni "Ulaya".

Marekani nako mambo yalifanana wakati ule ule, katika mbio za magari ya spoti. Tangu mwaka 1999 walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja ulikuwa American Le Mans Series ya tajiri Don Panoz, wenye mbio za Sebring na urafiki na Le mans ya Ufaransa. Upande mwingine ulikuwa Grand-Am, wenye saa 24 za Daytona na nguvu ya familia ya France, wenye NASCAR. Septemba 2012 walitangaza muungano, na msimu wa kwanza wa pamoja ukaanza Daytona Januari 2014. Muungano ni neno la heshima. Kwenye karatasi, upande wa NASCAR ulinunua kampuni ya Panoz, pamoja na viwanja vyake.

Kenya haikusubiri kualikwa na Ulaya. Serikali iliweka fedha zake, na Juni 2021 Safari ikarudi katika ubingwa wa dunia, pale Naivasha, kwenye njia fupi zilizofungwa. Mshindi alikuwa Mfaransa Sébastien Ogier. Mwaka uliofuata Eurosport iliuachia ubingwa wa Ulaya, ukaenda kwa kampuni ile ile inayoendesha ubingwa wa dunia.