Inveta ya gari: msaada na hatari zake

Umeme unapokatika, kama ilivyotokea Unguja kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, betri ya gari yaweza kusaidia nyumba kwa kutumia inveta. Kifaa hiki hugeuza umeme wa volti 12 kuwa wa volti 230.

Kikichomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa kawaida hustahimili wati 120 hivi: hutosha redio na taa, si pasi.

Televisheni ya wati 100 humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 60 kwa muda wa saa tatu, na gari laweza kukataa kuwaka.

Injini isiachwe ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, ambayo huua.