BASTOLA YA MFUKONI: BEI, SHERIA NA MASKINI KATIKA HISTORIA YA MAREKANI

  Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, tayarisheni madaftari yenu, maana leo iko miaka kadhaa ya kuandika, na mwishoni nitawaachia maswali matatu ya kuzungumza.

Somo la leo lahusu kitu kidogo kiingiacho mfukoni, nacho ni bastola. Tutakwenda Marekani, kwa sababu huko bastola huuzwa dukani, na mtu wa kawaida mwenye fedha chache huweza kuingia na kuuliza: “Ipi ndogo, yenye kufichika, nami nitaimudu?” Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni swali la mnunuzi na mwenye duka tu. Walakini kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini swali hilo limewashughulisha marais, wabunge na mahakimu. Tutaona kwamba bei iliposhuka, watunga sheria walishtuka. Na walipoweka kizuizi, mara nyingi kizuizi hicho kilimpata maskini kabla ya kumpata mwovu.

Tuanze na fundi mmoja wa mji wa Philadelphia, jina lake Henry Deringer. Yeye alitengeneza bastola fupi za kutiwa mfukoni. Baruti na risasi zilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na moto uliwashwa na fataki ndogo iliyopigwa na nyundo. Bastola hiyo ilipiga mara moja tu. Ndiyo sababu watu walizoea kuzinunua mbili mbili. Tarehe 14 Aprili, 1865, John Wilkes Booth aliingia katika jumba la michezo la Ford, mjini Washington, akiwa na bastola moja ya Deringer ambayo urefu wake ni kama inchi sita tu. Akampiga Rais Abraham Lincoln kichwani. Kwa kuwa hakuwa na risasi ya pili, alimkabili kwa kisu afisa aliyejaribu kumkamata. Rais Lincoln alikufa kesho yake asubuhi. Tangu siku hizo jina la fundi yule, likiongezwa herufi moja, limekuwa jina la bastola yoyote ndogo ya namna ile.

Basi, bastola ndogo ilitokaje katika mikono ya wachache ikawafikia watu wengi? Zilikuwapo sababu mbili. Ya kwanza ni ufundi. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza rivolva ndogo, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, iliyotumia risasi za kasha la shaba. Baruti na fataki zilikuwa ndani ya kasha, na mtu hakuhitaji tena kushindilia kitu. Sababu ya pili ni sheria ya uvumbuzi. Haki ya kutengeneza silinda ya namna ile ilikuwa ya mtu mmoja, Rollin White, naye aliwapa Smith & Wesson ruhusa. Haki hiyo ilikwisha mwaka 1869. Ilipokwisha, kila mwenye karakana aliweza kutengeneza, na katika miaka ya 1870 rivolva ndogo za bei ya chini zilienea nchini kote.

Nyingi kati ya hizo zilikuwa hafifu. Lakini msidhani kwamba kila kitu cha bei nafuu ni kibovu. Katika jimbo la Massachusetts alikuwako mhamiaji kutoka Norwei, Iver Johnson, ambaye kampuni yake iliuza rivolva za watu wa kipato cha chini. Katika miaka ya 1890 kampuni hiyo ilitia ndani ya rivolva kipande kidogo cha chuma. Nyundo ya bastola haikuweza kuifikia risasi mpaka mtu avute kwa kidole mtambo wa kufyatulia. Hapo ndipo kile kipande kilipanda na kuupeleka mshindo. Kwa hiyo bastola ikianguka sakafuni, au nyundo yake ikigongwa, haikupiga. Kampuni ilijivunia jambo hilo, ikawaambia wanunuzi katika matangazo yake kwamba waweza kuipiga nyundo ile kwa nyundo ya seremala bila hofu.

Kinga hiyo ilizuia ajali. Haikuweza kuzuia nia. Mwaka 1901 Leon Czolgosz alinunua rivolva ya Iver Johnson katika mji wa Buffalo kwa dola 4 na senti 50. Tarehe 6 Septemba aliifunika kwa kitambaa mkononi, akapanga mstari pamoja na watu waliokuja kumpa mkono Rais William McKinley, akampiga risasi mbili. Rais alifariki siku nane baadaye.

Sasa turudi nyuma kidogo, twende kusini katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1879 jimbo hilo lilipiga marufuku kuuza bastola za mfukoni na za mkandani, isipokuwa zile za namna iliyotumiwa na jeshi la nchi kavu na la majini. Tazameni maana yake. Bastola za jeshi zilikuwa kubwa, nazo zilikuwa ghali. Mwenye mali, na askari wa zamani ambaye tayari alikuwa nayo, hawakupata taabu. Aliyefungiwa mlango ni yule ambaye fedha zake zilitosha kununua rivolva ndogo tu, na katika Tennessee ya siku zile, miaka 14 baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, wengi wa watu hao walikuwa watu weusi waliotoka utumwani. Jimbo jirani la Arkansas lilitunga sheria kama hiyo mwaka 1881.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya nia ya sheria hizo. Wako wanaosema zilikusudiwa kuwanyang'anya watu weusi silaha bila kuwataja. Wako wanaosema wabunge walitaka tu kupunguza mauaji, na kwamba waliziacha bastola za jeshi kwa sababu mahakama ya Tennessee ilikuwa imeamua mwaka 1871 kwamba silaha ya kijeshi yalindwa na katiba. Nia ya mtu ni vigumu kuipima, lakini matokeo twaweza kuyaona. Mwezi Machi 1892, mjini Memphis, katika jimbo lile lile la Tennessee, Thomas Moss na wenzake wawili, wafanyabiashara weusi, walitolewa gerezani na kundi la watu weupe wakauawa. Mwandishi wa habari Ida B. Wells alikuwa rafiki wa Moss. Ameeleza mwenyewe kwamba baada ya mauaji yale alinunua bastola, kwa kuwa aliona sheria haimlindi. Kwa mtu kama huyo, bei ya bastola ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mlango wa pili haukuwa wa bei, bali wa kibali. Mwezi Januari 1911, mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi njiani mjini New York na mtu ambaye kisha alijiua. Watu wakakasirika, na mwaka ule ule jimbo la New York likapitisha sheria iitwayo Sheria ya Sullivan. Tangu hapo mtu wa New York alihitaji leseni kwa silaha ndogo iwezayo kufichwa, na kuibeba bila leseni likawa kosa kubwa. Majimbo mengine nayo yalikuwa na sheria za vibali, na mengi yalimwachia afisa aamue mwenyewe nani anastahili.

Hiari ya afisa ni nzuri akiwa mwadilifu. Je, asipokuwa mwadilifu? Tarehe 30 Januari, 1956, nyumba ya mchungaji Martin Luther King, mjini Montgomery, ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Mwaka huo King aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa. Yeye baadaye aliziacha kabisa silaha, akashika njia ya amani mpaka kufa kwake. Hata hivyo, kunyimwa kwake kwatuonyesha jinsi kibali kilivyoweza kugawiwa kwa rangi.

Wasikilizaji, sasa tumefika mwaka 1968. Mwezi Aprili King aliuawa kwa bunduki, na mwezi Juni Seneta Robert Kennedy aliuawa kwa rivolva ndogo, nayo pia ilikuwa ya Iver Johnson. Wakati huo bastola hafifu kutoka nchi za nje zilikuwa zikiuzwa kwa wingi, na watu waliziita “bastola za Jumamosi usiku”, kwa kuwa ndiyo saa ya ulevi na ugomvi. Tarehe 22 Oktoba, 1968, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya silaha. Pamoja na mambo mengine, ilizuia kuingiza nchini bastola isiyofaa kwa michezo. Serikali ikaweka alama kama za mtihani: urefu, uzito, aina ya chuma na vifaa vya usalama, kila kimoja na alama zake. Bastola ndogo ilipata alama chache.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Bastola ya PPK ya kampuni ya Walther ya Ujerumani, ambayo haikuwa hafifu hata kidogo, ilishindwa mtihani kwa udogo wake. Kampuni ikachukua sehemu ya juu ya PPK, ikaiweka juu ya mwili wa bastola nyingine yenye kimo kikubwa kidogo, nayo ikapita. Rivolva za RG, zilizokuwa za bei ya chini sana, zilizuiwa zikiwa nzima; lakini vipande vyake havikuzuiwa, basi vikaletwa kutoka Ujerumani na kuunganishwa Miami. Ni bastola ya namna hiyo aliyoitumia John Hinckley kumpiga Rais Ronald Reagan tarehe 30 Machi, 1981.

Juu ya hayo, ule mtihani uliwahusu wageni tu. Aliyetengeneza ndani ya Marekani hakuufanya. Mwaka 1970 George Jennings alianzisha kampuni ya Raven karibu na Los Angeles, akatengeneza bastola ndogo ya mchanganyiko wa zinki uliosubiwa katika kalibu, badala ya chuma cha pua. Kazi hiyo ni nyepesi, kwa hiyo bei ilikuwa ndogo. Jamaa zake na washirika wao wakafungua viwanda vingine jirani, hata mwaka 1994 mtafiti mmoja, daktari Garen Wintemute, akaviita vyote pamoja “pete ya moto”. Basi sheria iliyokusudiwa kuondoa bastola hafifu iliufunga mlango wa mbele, na biashara ikaota tena uani.

Majimbo machache, kama Illinois na South Carolina, yakajaribu njia nyingine, yaani kukataa bastola ambayo chuma chake huyeyuka kwa joto la chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit. Jimbo la California ndilo lililouliza swali lililo karibu zaidi na jambo lenyewe. Sheria yake ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitaka kila aina mpya ya bastola iangushwe kutoka kimo cha mita moja hivi bila kujipiga, tena ipige risasi 600 pasipo kukwama ovyo. Hapo haikuulizwa bei wala ukubwa, wala mnunuzi ni nani. Iliulizwa kama chombo chenyewe ni salama. Iver Johnson angeufurahia mtihani wa kuangusha, maana alikuwa ameonyesha miaka mia kabla yake kwamba usalama na bei nafuu vyaweza kukaa pamoja.

Na ule mlango wa kibali? Mwaka 1987 jimbo la Florida liliamua kwamba anayetimiza masharti hanyimwi leseni, na majimbo mengi yakafuata. Tarehe 23 Juni, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja ile hiari ya maafisa wa New York. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya nusu ya majimbo 50 yalikuwa yameacha hata kudai kibali. Viwanda navyo vikashindana kutengeneza bastola nyembamba na nyepesi.

Lakini tusiufunge ukurasa kwa furaha. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bastola iliyopita kila mtihani wa kuangushwa hupiga sawasawa ikishikwa na mtu aliyekata tamaa. Mtu huinunua akimwogopa mgeni wa njiani, na huenda ikamdhuru mwenyeji wa nyumbani.

Hilo ndilo fundisho la leo. Ubora wa chombo waweza kupimwa, na ni haki kuupima. Bei si kipimo cha hatari; ukiifanya kipimo, humzuii muuaji mwenye fedha, bali wamzuia mjane maskini. Na mlango wowote uwekwao na sheria hauna budi kuulizwa: ni nani hasa anayebaki nje?

Maswali kwa vikundi. Kwanza: kwa nini bei ya rivolva ndogo ilishuka baada ya mwaka 1869? Pili: sheria ya Tennessee ya mwaka 1879 na sheria ya California ya mwaka 1999 zatofautianaje? Tatu: fikirini juu ya kibali kimoja ambacho ninyi wenyewe huhitaji katika kazi zenu. Je, chapima ubora wa kazi, au chapima mfuko wa mwombaji? Zungumzeni, na mwandishi wa kikundi aandike mliyokubaliana na mliyotofautiana.