Jua ni la Bure, Vioo Vinalipiwa

Mtu akikuambia nguvu za jua ni mambo ya juzi, mpeleke Maadi, kusini mwa Cairo, mwaka wa 1913. Huko Frank Shuman, mvumbuzi kutoka Philadelphia, alijenga safu tano za vioo vilivyopinda kama mfereji, kila safu mita 62. Vioo vilifuata jua na kulielekeza kwenye boila ndefu iliyopita katikati. Maji yakawa mvuke, mvuke ukaendesha injini, injini ikavuta maji ya mto Nile, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika, hadi kwenye mashamba ya pamba.

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini hesabu ya Shuman naielewa, maana ni ya mtu yeyote aliyewahi kufungua biashara. Mtambo wake ulikuwa ghali kuujenga kuliko injini ya makaa ya mawe. Pesa ingerudi polepole, kila siku ambayo hununui makaa. Kwa hivyo hakutafuta jua kali pekee. Alitafuta jua kali mahali makaa ni ghali, na makaa ya Misri yalikuwa yanaletwa kwa meli kutoka Uingereza.

Wakubwa wakavutiwa. Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, aliona pamba ya Sudan. Ujerumani ikatenga marki 200,000 kwa makoloni yake. Mkulima aliyekuwa akipata hayo maji hakuulizwa kitu.

Halafu 1914 vita vikaja. Mafundi wakarudi kwao, mtambo ukavunjwa, na Shuman akafa 1918. Mafuta ya petroli yakachukua nafasi.

Kati ya 1984 na 1990, kampuni ya Luz ilirudisha vioo vya aina hiyo katika jangwa la Mojave, California: mitambo tisa, megawati 354. Gesi iliposhuka bei na nafuu za kodi kuyumba, Luz ikafilisika 1991. Mitambo yenyewe iliendelea kutoa stima kwa miaka mingi.

Siku hizi kuna programu za kompyuta za kukadiria mtambo kama huo kabla ya kuujenga. Zinauliza jua ni kiasi gani, ndiyo, lakini pia bei ya vioo, riba ya mkopo, na stima itauzwa pesa ngapi kwa miaka 25. Kwa hivyo mwanasiasa akisimama kutuambia Afrika ina jua jingi, mimi huuliza: riba ni ngapi, na nani amesaini kununua?