Adjutant, tagi iliyopanda treni

Tagi ni chombo cha kutumwa. Huvuta meli, husukuma tishali, na jina lake ni nadra kuingia vitabuni. Adjutant, tagi ndogo ya mvuke ya Wajerumani, iliingia kwa sababu ilitekwa mara mbili.

Oktoba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, ilikamatwa na manowari ya Kiingereza, Dartmouth. Waingereza wakaipandishia bendera yao, wakaitia kwenye msako wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Meli kubwa zilishindwa kuingia humo kwa uchache wa maji, tagi ikapita. Udogo huo ndio ulioiponza. Tarehe 6 Februari 1915 ilishambuliwa kutoka ukingoni, mabaharia wakasalimu amri, na Adjutant ikarudi kwa wenyewe.

Königsberg iliangamia Julai 11 mwaka huohuo. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa na wapagazi kuelekea Dar es Salaam. Tagi nayo ilipenya doria za Waingereza baharini hadi bandari ya mji huo, na huko ndiko ilikofanyiwa jambo la ajabu: ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye treni ya kwenda bara. Reli ya Kati, kiasi cha kilomita 1,250, ilikuwa imefika Kigoma mapema 1914, na Wajerumani walitaka Ziwa Tanganyika libaki mikononi mwao. Meli ya Goetzen, ambayo leo ni Liemba, ilikwenda kwa njia hiyohiyo, ndani ya makreti.

Adjutant haikuwahi kupigana ziwani. Julai 1916 Wajerumani walipoiacha Kigoma waliiharibu wenyewe. Goetzen nayo wakaizamisha.

Septemba 4, 1916, Dar es Salaam ikaangukia kwa Waingereza. Wapagazi wa jeshi lao wakapiga kambi palipo Kariakoo ya sasa, na jina la kikosi chao likabaki hapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa. Tagi moja ina tarehe zake kamili kuliko wao. Hata Sanamu ya Askari ya 1927, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, ni ya mwenye bunduki peke yake. Ile ya Nairobi angalau imemsimamisha na mpagazi.