Mawe ya Delphi, Piano ya Debussy

Ilibidi kijiji kihame kwanza. Nyumba za Kastri, kwenye mteremko wa mlima Parnassos nchini Ugiriki, zilikuwa zimekalia magofu ya Delphi, mahali ambapo Wagiriki wa kale walikwenda kusikiliza utabiri wa mungu wao Apollo kwa kinywa cha kuhani wa kike. Mwaka 1892 wanaakiolojia wa Ufaransa, wakiongozwa na Théophile Homolle, walianza kuchimba. Ndani ya miaka miwili ardhi ilitoa vitu viwili vilivyosafiri hadi katika muziki wa Paris, kila kimoja kwa njia yake.

Cha kwanza kilipatikana mwaka 1893: vipande vya mawe kutoka ukuta wa jengo liitwalo Hazina ya Waathene. Vilichongwa tenzi mbili za kumsifu Apollo, za karne ya 2 KK, na juu ya maneno kulikuwa na safu ya alama ndogo ndogo. Alama hizo ni noti. Wagiriki waliandika muziki kwa herufi: mwimbaji alikuwa na herufi za kawaida za alfabeti, mpiga ala alikuwa na alama zake, nyingine zikiwa herufi zilizogeuzwa au kulazwa ubavu. Utenzi wa kwanza umeandikwa kwa alama za waimbaji, wa pili kwa zile za ala. Kwa bahati njema, mwandishi wa zama za mwisho za kale aitwaye Alypius aliacha majedwali yanayoonyesha kila alama ina maana ya sauti gani, na kwa msaada wake msomi Théodore Reinach aliuhamishia utenzi wa kwanza kwenye noti za leo. Mwendo wake ni wa mapigo matano matano, hesabu iliyokuwa ngeni kwa masikio ya Paris.

Mtunzi Gabriel Fauré akautungia muziki wa kusindikiza. Juni 1894 utenzi uliimbwa chuoni Sorbonne, Paris, mbele ya wajumbe wa kongamano la Pierre de Coubertin, lile lililoamua kufufua michezo ya Olimpiki. Fauré aliifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa, ila mimi naona ameuvika utenzi nguo isiyo yake. Jiwe linatoa mstari mmoja tu wa sauti, nao unajitosheleza. Vishada vya noti vilivyowekwa chini yake ni vya Ufaransa ya karne ya 19, na sikio likishavizoea halisikii tena jinsi mstari wenyewe unavyopanda na kujipinda.

Kitu cha pili hakikuwa na alama hata moja ya muziki. Mwaka 1894 wachimbaji waliokota vipande vya nguzo ndefu, yapata mita 13, iliyozungukwa na majani ya mawe. Karibu na kilele chake, migongo yao ikielekea nguzo, wamesimama wanawake watatu wenye mavazi mafupi na kofia kama vikapu. Ni wachezaji ngoma, kila mmoja akiwa na kimo cha mita 2 hivi. Nakala yao ya plasta ilipelekwa katika makumbusho ya Louvre, Paris, na hiyo ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la kipande cha piano ambacho mtunzi Claude Debussy alikimaliza Desemba 1909, Danseuses de Delphes, cha kwanza katika kitabu chake cha kwanza cha Préludes.

Kina vipimo 31 tu vya mapigo, polepole na kwa uzito. Sauti ya katikati inapanda hatua fupi fupi, kama mtu anayenyanyua mguu bila haraka, huku vishada laini vikiizunguka juu na chini. Hakuna anayezunguka wala kuruka. Debussy hakuigiza ngoma ya Kigiriki. Alitunga uzito wa miili iliyosimama karne nyingi. Tena aliweka jina la kipande mwishoni, ndani ya mabano, ili mpigaji asikie kwanza na kuambiwa baadaye. Hapo ndipo ninapompa ushindi. Fauré alikabidhiwa noti zenyewe, akaishia kuzifunika. Debussy alikabidhiwa jiwe bubu, akalitazama kwa muda wa kutosha.

Hakuishia hapo. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1913, Canope imechukua jina la chungu cha Misri ya kale cha kuhifadhia viungo vya maiti. Vifuniko viwili vya vyungu vya aina hiyo alikuwa navyo mwenyewe. Kisha zikaja Six épigraphes antiques za 1914, za watu wawili kwenye piano moja. Chanzo chake ni mashairi ambayo rafiki yake Pierre Louÿs aliyachapisha mwishoni mwa 1894, akidai yalichongwa kaburini mwa mshairi wa kike wa Kigiriki aitwaye Bilitis. Kaburi halikuwepo, na Bilitis hakuwahi kuishi. Muziki wa Debussy, hata hivyo, ni wa kweli.

Wachezaji ngoma watatu wamo leo katika makumbusho ya Delphi, na mawe ya tenzi yamo humo humo. Debussy mwenyewe aliacha ushahidi wa jinsi alivyotaka wasikike: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikipiga kipande cha Danseuses de Delphes kwenye mashine ya Welte-Mignon, iliyohifadhi mapigo ya vidole vyake kwa matundu yaliyotobolewa kwenye karatasi. Karatasi hizo bado zinapigika.