Kibao cha duka kikianguka, ni nani wa kulaumiwa? Mwongozo kwa wafanyabiashara wa Makadara

MVUA za masika zinapoanza kunyesha jijini Nairobi, upepo hujaribu uthabiti wa kila boliti na kila msumari unaoshikilia vibao vya maduka kandokando ya Barabara ya Jogoo. Kwa mwenye duka, kibao ni mwaliko kwa mteja. Kwa mpita njia, ni mzigo wa chuma na mabati unaoning'inia juu ya kichwa chake.

Aghalabu hudhaniwa kwamba jukumu la mfanyabiashara humalizika pindi anapolipa ada ya kila mwaka. Sivyo. Leseni humruhusu mtu kuweka kibao; haimwondolei wajibu wa kukitunza hadi siku kitakapoteremshwa.

Mamlaka ni ya nani?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje, sambamba na uchafuzi wa hewa na kelele. Baada ya Baraza la Jiji kufikia kikomo mwaka 2013, kazi hiyo ikawa ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, ambayo ina sheria yake kuhusu matangazo na vibao vya nje, ya mwaka 2018. Ada hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti kwa kuzingatia ukubwa na aina ya kibao. Tangu mwaka 2023, ada ya kibao cha biashara imejumuishwa katika kibali kimoja, pamoja na leseni ya biashara, usalama wa moto, afya na usafi wa vyakula.

Katika mitaa kama Maringo na Mbotela, iliyojengwa enzi za ukoloni, kaunti pia ndiyo mwenye nyumba. Hivyo basi, mpangaji anayetaka kupigilia kibao ukutani ana mambo mawili ya kutafuta kwa mlango mmoja: idhini ya mwenye jengo na leseni ya matangazo.

Nguzo ikichimbiwa katika hifadhi ya barabara, mamlaka nyingine huingia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa, miongoni mwazo ile ya Barabara za Mijini (KURA). Kilichosimama katika hifadhi hiyo kinaweza kuamriwa kiondolewe barabara inapopanuliwa.

Kukarabati si kubadilisha

Leseni hutolewa kwa kibao cha ukubwa fulani, mahali fulani. Kupaka rangi upya maneno yale yale, kukwangua kutu au kubadilisha boliti zilizolegea ni ukarabati. Kukipanua, kukihamisha au kukitia taa ni kukifanya kibao kingine, na ni busara kufika katika afisi za kaunti kabla fundi hajapanda ngazi.

Kibao chenye taa kina hatari ya ziada. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kutandaza nyaya za umeme ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Waya uliochubuka ukigusa kiunzi cha chuma siku ya mvua, kibao kizima huweza kuwa na umeme.

Aidha, anayeajiri watu wa kupanda juu anabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake.

Kibao cha kampuni

Maduka mengi hubeba vibao vilivyoletwa na kampuni za soda au simu. Hapo ndipo mzozo huzuka: kampuni imeweka jina lake, mwenye duka ametoa ukuta, na hakuna aliyekubali kukagua kutu. Kibao kikimwangukia mtu, majeruhi anaweza kuwashtaki wote wawili kwa uzembe. Sheria ya Wajibu wa Wakaaji wa Majengo (Sura ya 34) nayo humtaka anayesimamia jengo kuwa mwangalifu kwa usalama wa wageni wake. Njia ya kuepuka lawama ni maandishi: nani atakarabati, nani atalipa leseni, na nani atakiteremsha mkataba ukiisha.

Kabla ya mvua

Mwenye kibao anashauriwa kukagua boliti, viungo vilivyochomelewa, misingi ya nguzo na nyaya kabla ya masika na vuli, na kuhifadhi stakabadhi za fundi pamoja na za leseni. Kikionyesha dalili ya kuanguka, watu wazuiwe kupita chini yake mara moja na kiteremshwe.

Biashara ikifungwa au ikihama, kibao nacho kiondoke. Duka lililofungwa halina wa kukagua boliti zake, ilhali watu wanaendelea kupita mbele yake kila siku.